Majina ya Injeniere Ngoyi

Wazazi wenzangu wa Dilala, na ninyi wa Kasulo, na popote penye mtoto anayesoma kwa bidii, habari hii haichekeshi. Hata mimi ninayeisimulia hasira hunipanda kila nikifika katikati yake, basi mnivumilie nikiwa mkali. Afadhali mniudhikie leo kuliko mje kushika tama kesho.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, watu wametoka misa. Katika nyumba moja ya matofali ya zamani ya kampuni, pale Dilala, Mama Adolphine alikuwa anasonga bukari, ule ugali wetu, uani, samaki mkavu akichemka kando na harufu yake ikiwafikia majirani. Binti yake Rachelle alikaa kizingitini na kitabu cha hesabu magotini. Matokeo ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari yalikuwa yametoka wiki ile, na wenzake walimmwagia poda nyeupe kichwani kama ilivyo desturi ya kumshangilia aliyefaulu. Alikuwa ameoga mara kadhaa, lakini poda bado ilionekana nyuma ya masikio. Shule yao haikukumbuka msichana aliyewahi kupata alama kama zake.

Mume wa Adolphine, Tata Kazadi, alikuwa anapiga viatu rangi. Kando yake alilala kuku aliyefungwa miguu. Kuku yule hakuwa wa chungu cha Adolphine. Alikuwa anapelekwa mtaa wa Biashara, kwa Injeniere Ngoyi, kama kila mara Kazadi alipokuwa na neno jema la kumshirikisha.

Ngojeni niwaeleze huyu Injeniere Ngoyi ni nani kwao, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Kazadi ni karani mgodini, anaandika nani kaja kazini na nani hakuja. Zamani mkubwa wake alikuwa mhandisi, Injeniere Stanislas Ngoyi, mtu mpole, mwenye kusalimia hata mfagiaji. Adolphine alipojifungua, Kazadi akampa mtoto jina la mkubwa wake: Rachelle Ngoyi. Na ninyi mnajua kwetu jambo hilo si mchezo. Mtu ambaye mtoto amepewa jina lake amekuwa majina yake, yaani somo yake, na mtoto amekuwa majina ya yule mtu. Anamletea mtoto nguo, anamwuliza hali, na watu wanamsalimia mtoto kana kwamba wanamsalimia mwenyewe. Injeniere alifika na blanketi jipya, akambeba mtoto, akasema mbele ya watu, "Huyu njo miye. Siku yake ikifika, mulango yangu iko yake."

Kazadi alilishika neno lile kama watu wengine wanavyoshika Injili. Nyumbani hakumwita binti yake Rachelle, alimwita Injeniere. Na mtoto naye, ajabu, alikua anapenda hesabu, mawe, na kuuliza shaba inayeyukaje. Tangu darasa la chini alikuwa anasema atasoma Kilimani.

Kilimani ni chuo cha wahandisi wa migodi. Kina jina lake refu, lakini kwa sababu kiko juu ya kilima watu tunakiita hivyo tu. Ukitoka pale na diploma, migodi yote inakuita kwa jina. Milango ya kuingilia ni miwili. Wa kwanza ni mtihani, tunaouita konkuru, na wanaandika mamia kwa nafasi chache. Wa pili ni wa baansien, yaani waliosoma pale zamani, na Injeniere Ngoyi ni mmoja wao. Mtoto wa ansien haandiki konkuru. Anasimamiwa na mzazi wake, anaingia ofisini, anaulizwa habari za nyumbani, anatoka mwanafunzi. Ndiyo, mmesikia vizuri. Na kuna sheria moja zaidi: konkuru inaandikwa na wale tu waliopata diploma ya sekondari mwaka uleule. Ukiikosa mwaka wako, hakuna mwaka mwingine.

Basi Jumapili ile, kabla bukari haijateremka, pikipiki ya taksi ilisimama mlangoni akashuka Prof Louis, mwalimu wa hesabu wa Rachelle. Hata kukaa hakukaa.

"Yambo, Tata Kazadi. Yambo, Mama. Nimetoka kuuliza ku Kilimani. Jina ya Rachelle haiko kwa bale ba konkuru. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa hii."

Kazadi alitabasamu, akaendelea na kiatu chake. "Aksanti, Prof. Lakini huyu mutoto haiko na lazima ya konkuru. Iko na majina yake."

"Majina haiko baba ya kuzaa, Tata."

"Unasema nini?"

"Nasema aandike konkuru. Kama majina yake anamufungulia, sawa. Kama hamufungulii, iko na konkuru yake. Unapoteza nini?"

Kazadi akaweka kiatu chini. "Napoteza heshima ya mutu. Injeniere akisikia nimemupeleka mutoto kusimama ku mustari na batu, atasema nini? Atasema Kazadi hanitumaini. Namuita majina myaka yote hii, kisha nazunguka nyuma yake kugonga ku mulango ingine? Hapana, Prof. Mi siko mutu ya vile."

Mmeona? Kazadi hakuwa mvivu, wala hakukosa mapenzi kwa mwanawe. Adabu ndiyo iliyomponza. Alikataa kumpeleka binti yake kwenye mtihani ambao angeufaulu, kwa kuogopa kumvunjia heshima mtu aliyetoa neno moja juu ya kitanda cha mzazi. Ningemkuta pale ningemtikisa mabega.

Adolphine aliufuta mwiko, akauliza polepole, "Na Injeniere mwenyewe amesema nini mwaka huu? Umemuuliza?"

"Kumuuliza tena ni kumutukana."

Prof Louis alimtazama Adolphine, Adolphine akatazama sufuria. Alikuwa na la kusema, lakini hakupenda kubishana na mumewe mbele ya mwalimu. Prof akapanda ile pikipiki akaenda, na Kazadi akachukua kuku, akachukua na karatasi ya matokeo ya Rachelle, ile yenyewe yenye muhuri, akaenda Biashara na binti yake.

Walirudi jua likianza kushuka. Kazadi alikuwa anang'aa uso. Injeniere ameshangilia, amesema "Majina yangu ameniletea heshima." Karatasi ameipokea, ameiweka ndani ya meza yake. Tena ameomba jambo: mwanawe Gloire, ambaye amefaulu kwa kubahatisha, hesabu zinamshinda, basi Rachelle awe anaenda kumfundisha mchana ili asitie aibu huko mbele.

"Unaona?" Kazadi alimwambia mkewe. "Anabaweka pamoja. Bataingia pamoja."

Adolphine hakuona hivyo. Aliona mwanawe amepewa kazi. Lakini alijiambia labda wanaume wanaelewana kwa njia yao.

Siku za katikati ya wiki zikapita. Alhamisi Rachelle alirudi kutoka Biashara akamkuta mama yake anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaketi, akachukua majani naye akaanza kuchambua. Adolphine anamjua mwanawe, akangoja.

"Mama, leo nimemuambia Gloire tutasoma pamoja ku Kilimani. Amecheka."

"Amecheka nini?"

"Anasema ansien anaingiza mutoto ya damu yake tu. Nikamuambia, lakini mi niko majina ya baba yako. Akasema, majina ni ya ku nyumba, haiko ya ku Kilimani. Akaniuliza, kumbe hamujue? Kila mutu anajua."

Adolphine aliacha majani. Kazadi aliporudi kutoka kazini hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu, akamweleza yote. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Gloire iko mutoto. Anajua nini ya mambo ya bakubwa?"

"Kazadi, kesho njo mwisho. Uniachie nimupeleke miye. Kama Injeniere anakasirika, akasirike juu yangu."

"Na karatasi utapata wapi? Iko kwake. Utaenda kuomba karatasi umuambie nini? Kama tumemuondolea imani?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile inayouma zaidi, "Mama Rachelle, usinivue nguo mbele ya batu."

Ijumaa asubuhi, mumewe alipoondoka kwenda kazini, Adolphine alijifunga kitenge kizuri akamwambia Rachelle, "Vaa viatu, tunaenda." Nampa heko kwa hilo, ingawa alichelewa. Walipanda pikipiki mpaka Biashara. Mke wa Injeniere, Mama Mianda, aliwapokea kwa upole, akawapa viti na maji ya baridi.

"Karatasi? Lo, Mama Adolphine. Bwana ameenda Kisenge kwa kazi tangu jana. Meza yake anafunga na ufunguo, na ufunguo anatembea nayo."

"Tumupigie telefone, basi."

Mama Mianda akapiga, akampa simu. Sauti ya Injeniere ilikuja changamfu, ya mtu anayezungumza huku anatembea.

"Mama Adolphine, musihangaike. Karatasi iko salama kwangu."

"Aksanti, Tata Injeniere. Lakini leo njo mwisho ya konkuru. Nauliza tu, unisamehe. Mutoto ataingia?"

"Tutaangalia, Mama. Tutaangalia."

Ndugu zangu, nawaomba mlisikilize neno hilo vizuri. Tutaangalia. Mkubwa akikuambia ndiyo, umesikia. Akikuambia hapana, roho itakuuma lakini utatafuta njia nyingine. Akikuambia tutaangalia, ujue hapana yake ameshaitoa zamani, ila hataki wewe umwone akiitoa.

Adolphine alielewa. Alimshukuru Mama Mianda, akamshika binti yake mkono, wakapanda pikipiki nyingine moja kwa moja hadi Kilimani. Mstari ulikuwa mrefu, vijana wamejifunika bahasha vichwani kwa jua. Walisimama mpaka miguu ikavimba. Walipofika dirishani kijana wa ofisi aliuliza karatasi ya matokeo. Adolphine akaeleza. Prof Louis, aliyekuwa pale na wanafunzi wengine, akaja akaeleza naye, akataja alama za Rachelle kwa kichwa. Kijana yule hakuwa mbaya. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, naamini. Lakini bila karatasi yenye muhuri, mi siwezi."

Rachelle hakulia. Alimwambia mama yake, "Twende, tunazuia batu." Adolphine alimeza mate machungu njia nzima kurudi Dilala. Jioni Kazadi aliuliza walikuwa wapi. Akaambiwa. Akakasirika kwamba wamemsumbua Injeniere safarini.

Konkuru iliandikwa bila Rachelle. Yeye siku ile alikuwa Biashara, anamfundisha Gloire.

Ikafika siku ya mahojiano ya watoto wa baansien. Hakuna aliyewaita akina Kazadi, lakini Kazadi alisema mtu haalikwi penye mlango wake. Alivaa koti. Rachelle alivaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu, na Adolphine akafuata nyuma akiwa na moyo mzito. Katika ukumbi wa Kilimani walikaa na familia za watu wakubwa. Akina baba waliitana kwa majina ya utani ya ujana wao, wakacheka habari za maprofesa waliokwisha kufa. Kazadi alicheka nao ingawa hakumjua hata mmoja.

Majina yakaanza kuitwa. Gloire aliingia, akatoka punde tu, anatazama chini. Wakaitwa wengine na wengine. Kisha mlango ukafungwa, watu wakaanza kupeana mikono, na Rachelle bado amekaa amekunja mikono juu ya sketi yake.

Kazadi alimfuata Injeniere barazani. Adolphine akamfuata Kazadi.

"Tata Injeniere, bamesahau majina yako."

Injeniere alimshika bega. "Kazadi, ndugu yangu. Hapa kila ansien anasimamia mutoto yake ya kuzaa, ao mujukuu. Mwaka huu mi niko na Gloire."

"Shi ulisema huyu njo weye? Iko majina yako."

"Majina ni ya mapendo. Na mi namupenda, unajua. Lakini Kilimani haihesabu mapendo."

Adolphine hakungoja mumewe atafute neno. "Sheria hii, Tata Injeniere, umeijua tangu lini?"

"Tangu zamani, Mama. Baansien wote tunaijua."

"Na haukutuambia."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Miye nilikuuliza. Ku telefone, mbele ya bibi yako, siku ya mwisho."

Injeniere aliangalia viatu vyake. "Nilisema tutaangalia."

"Njo vile. Ulisema tutaangalia. Na karatasi yake ilikuwa mu meza yako."

Hapo Adolphine alimgeukia mumewe. Alimtaka aseme kitu, chochote, hata kibaya. Kwa kuku wote waliokwenda Biashara, kwa Jumapili zote, kwa mtoto aliyeketi ndani ya ukumbi ule hajui aende wapi, alitaka Kazadi apaaze sauti mara moja maishani mwake. Kazadi alivua kofia.

"Aksanti, Tata Injeniere," akasema. "Tumeelewa."

Adolphine alikaa muda mrefu bila kumsemesha. Alimpikia, alimfulia, lakini maneno hakumpa. Alijiona amelishwa mchanga. Alimkasirikia mumewe kwa adabu yake, akamkasirikia Injeniere kwa upole wake, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe kwa Jumapili ile alipotazama sufuria. Rachelle alipata kazi ya kufundisha watoto wadogo kuhesabu kwenye shule moja ya kanisa. Baba yake aliacha kumwita Injeniere. Hakumwita chochote, alisema tu "weye".

Kabla ya Pasaka gari la Injeniere Ngoyi lilisimama mlangoni kwao. Majirani walitoka kutazama. Kazadi alikimbia kutafuta kiti kizuri, na Adolphine aliona matumaini yakirudi usoni mwa mumewe, akamhurumia na kumchukia kwa wakati mmoja.

Injeniere alizungumza habari za mvua, za bei ya mafuta, mwishowe akafika alipokuwa anakwenda. "Gloire anazama kule. Masomo yote yanamushinda, na mitihani ya mwisho wa mwaka inakaribia. Nimelipa balimu, hawamuwezi. Anasema ni Rachelle tu alikuwa anamufahamisha. Majina yangu, utanisaidia?"

"Atakusaidia," Kazadi akasema. "Atakataa namna gani?"

Adolphine alimtazama binti yake. Sasa, alijiambia. Sasa mwanangu atasema lile ambalo baba yake alishindwa.

Rachelle alifikiri. "Atakuja na bitabu?"

"Na kila kitu. Bitabu, manoti, mazoezi, yote."

"Basi akuje."

Gari lilipoondoka Adolphine alimfuata uani. "Rachelle, unakubali juu ya nini? Bale batu bamekufungia mulango, na weye unaenda kubabebea mutoto wao ku mugongo?"

Rachelle alikuwa anaanua nguo. Hakugeuka. "Mama, mi nataka tu kujua kile banasoma mule ndani."

Adolphine aliingia jikoni akakaa juu ya kinu, akalia kwa hasira, bila sauti.

Gloire akawa anakuja kila mchana, na begi zito. Walikaa kwenye meza ya chakula. Adolphine akipita aliona kilichokuwa kinatendeka: Gloire anapiga miayo, Rachelle anasoma. Gloire anaangalia simu, Rachelle anachora jinsi handaki la mgodi linavyoshikiliwa lisianguke. Alisoma kila ukurasa, hata ule usio wa mtihani. Kisha alimweleza Gloire polepole, mara tatu, mara nne, mpaka Gloire akashika.

Gloire mwenyewe hakuwa mtoto mbaya. Sitaki mumtupie mawe. Siku moja Adolphine alimsikia akisema, "Rachelle, hii nafasi ilikuwa yako. Mi nilitaka kufanya muziki."

"Fungua ukurasa ya mbele," Rachelle akamjibu.

Mwaka ulipoisha Gloire alifaulu, tena vizuri. Biashara kulifanywa karamu, muziki, mbuzi, poda kichwani kwa mwana wa nyumba. Familia ya Kazadi iliwekwa meza ya karibu na jikoni. Injeniere alisimama akashukuru Mungu, akawashukuru maprofesa, akamshukuru "majina yangu Rachelle, aliyemutia kaka yake moyo." Mama Mianda akampa Rachelle kitenge. Watu wakapiga makofi.

Kwenye meza ile alikaa kijana mmoja, Mukendi, karani mpya ofisini kwa Kazadi, na mkewe Tina aliyekuwa karibu kujifungua. Mukendi aliinama kwa Kazadi akamwuliza kwa heshima, "Tata, banasema na mutoto wako iko mu mambo ya Kilimani?"

Kazadi alijinyoosha kitini. "Mutoto wangu anasoma Kilimani. Mwaka wa kwanza ameumaliza. Ni majina yake alimufungulia. Nanyi mukizaa, mufikiri vizuri jina ya kumupa mutoto."

Adolphine alidhani amesikia vibaya. Alimtazama mumewe: hakuwa anatania, wala hakuwa amelewa. Alikuwa ameamini. Ile meza ya nyumbani, begi la Gloire, na Rachelle ameinamia vitabu, yeye alikuwa ameyatazama yote miezi ile na kujijengea neno hilo.

"Hapana," Adolphine akasema, kwa sauti iliyofika meza ya mbele. "Mutoto wetu hasomi Kilimani. Mutoto wetu anasomesha mutu wa Kilimani. Diploma ikitoka itakuwa na jina ya Gloire. Yetu ni hiki kitenge."

Injeniere alisikia, akajitia hamnazo, akaomba muziki uongezwe. Kazadi alishusha macho kwenye sahani yake. Rachelle alimgusa mama yake mkono chini ya meza, akamwambia, "Basi, Mama."

Adolphine hakuwa amemaliza. Alimgeukia Tina. "Mwanangu, jina mupe lile unapenda. Lakini siku ya konkuru, hata Papa wa Roma akiwa majina yake, umushike mukono umupeleke ku mustari."

Njia ya kurudi Dilala Kazadi alisema jambo moja tu: "Umenivua nguo." Adolphine akamjibu kwamba nguo hizo aliziacha mwenyewe barazani Kilimani.

Masomo yalipofunguliwa, pikipiki ilisimama mlangoni. Alikuwa Gloire, na begi jipya, vitabu vya mwaka wa pili. Adolphine alisimama mlangoni akaziba njia kwa mwili wake wote. Alikuwa ameyaandaa maneno ya kumfukuza. Alikuwa nayo tangu karamu. Kisha alimsikia Rachelle nyuma yake, anafuta meza haraka haraka, anavuta kiti. Akageuka. Tangu Gloire alipoacha kuja na vitabu hakuwa ameuona uso wa mwanawe ukiwa hivyo, umechangamka kama wa mtoto aliyeletewa zawadi.

Adolphine alisogea kando. Gloire akapita, akasema "Yambo, Mama," na kitabu cha kwanza kikafunguliwa.

FUNZO

Wazazi, habari imekwisha lakini hasira yangu haijaisha, basi nimalizie wazi.

Kwanza sisi tusio na mtu Kilimani. Kupeana majina ni jambo zuri, na mimi sitawaambia mliache. Lakini jina ni la kupendana, halifungui chuo. Mpeni mtoto mlango ule ambao anaweza kuusukuma kwa mikono yake, na karatasi zake zikae nyumbani kwenu. Mtu anayewapenda kweli hawezi kukasirika kwa kuwa mtoto wenu ameandika mtihani, na akikasirika mtakuwa mmemjua mapema. Adabu inayomnyima mtoto maisha yake si adabu. Na ninyi akina mama mnaotazama sufuria wakati neno linatakiwa, semeni. Semeni mbele ya mwalimu, mbele ya mgeni, mbele ya padri ikibidi, maana ile Ijumaa haingoji mtu.

Na ninyi baansien. Najua wengine mtaisikia habari hii, na mtasema sheria ni sheria, kila mtu anapenda damu yake. Sawa. Basi nanyi mnijibu swali moja la mama wa Dilala: migodini kwenu, siku ambayo handaki linataka kuanguka, mnamtaka nani amesimama mle ndani akijua la kufanya, yule aliyeketi kwenye nafasi au yule aliyesoma vitabu? Mkiendelea kuhesabu damu mlangoni, mtajaza kilima hicho majina mazuri, na akili ya nchi hii itabaki huku chini, inafuta meza ili mtoto wenu apate pa kuweka begi.

Tena, kama jibu lenu ni hapana, lisemeni mapema, mtoto angali na muda wa kwenda kusimama kwenye mstari.